Nyuki Wanakufa? Soma Mzinga Kwanza Kabla ya Kukimbilia Dawa

Kipindi hiki alizeti zinapoanza kuchanua, simu nyingi ninazopokea si za mahindi wala za kuku, ni za nyuki. Na karibu zote zina sentensi ileile: "Bwana shamba, nyuki wangu wanakufa, niwape dawa gani?"

Swali hilo naliheshimu, maana anayeuliza ameshaanza kuona hasara. Ila linaruka hatua. Ng'ombe akiugua unamwona kasimama peke yake, hali, masikio yamelala. Kuku anajikunyata. Sasa nyuki mmoja mmoja utampima joto wapi? Na nyuki mmoja kufa si ugonjwa. Nyuki kibarua, msimu wa kazi nyingi, anaishi wiki sita hivi basi. Kundi lenye nyuki elfu ishirini au thelathini linapoteza mia kadhaa kila siku, na wengi wanafia huko huko porini wakiwa kazini. Hiyo ni hesabu ya kawaida kabisa. Kwa nyuki, mgonjwa tunayemwangalia ni kundi zima, na kundi lina namna yake ya kusema.

Leo nataka tujifunze kulisoma.

Anza nje, usifungue kwanza

Nenda asubuhi jua likishapata moto kidogo. Kaa ubavuni mwa mzinga, siyo mbele ya mlango, umbali wa hatua kadhaa, na ukae robo saa nzima bila kufanya kitu. Najua robo saa ni ndefu kwa mtu mwenye kazi, lakini ndo kipimo cha bei rahisi kuliko vyote.

Angalia miguu ya nyuki wanaorudi. Ukiona wamebeba chavua, zile mbonge za njano au za rangi ya chungwa kwenye miguu ya nyuma, jua ndani kuna majana wanaolishwa, yaani malkia yupo na anataga. Maua yapo porini lakini siku tatu nne hujaona hata nyuki mmoja mwenye chavua, hapo kuna jambo.

Kisha angalia chini. Nyuki wanaotambaa kwenye majani wakijaribu kuruka wakashindwa. Nyuki wadogo wapya wenye mabawa yaliyokunjamana kama karatasi iliyolowa. Madoa mengi ya kinyesi cha kahawia kwenye ubao wa mbele. Vipande vigumu vyeupe au vyeusi, ukubwa wa punje ya mchele hivi, vimetupwa mlangoni. Au lundo la nyuki waliokufa. Kila moja kati ya hizi ni habari tofauti, usizichanganye zote ukaziita "ugonjwa wa nyuki".

Halafu nusa. Mzinga wenye afya unanukia nta na asali. Harufu ya uchachu, ya machungwa yaliyooza au ya kitu kilichovunda haiji bure.

Lundo la ghafla

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu katika simu zote za vifo vya nyuki ninazofuatilia mpaka shambani, hiki ndicho kisa kinachojirudia zaidi, na ndicho ambacho watu hupeleka hela duka la dawa bure.

Kuna mama mmoja ana mizinga kumi na moja pembezoni mwa kijiji. Asali ndiyo inayolipa ada ya watoto wake wawili. Alinipigia asubuhi moja akiwa karibu kulia, nyuki wamelala chini mbele ya mizinga saba kama mtu amemwaga maharage. Nilipofika nikakuta kijana wake ameshatoka mjini na pakiti ya dawa ya antibiotiki ya kuku, ile ya unga wa njano, na sufuria ya maji ya sukari iko jikoni inapoa. Walikuwa wameambiwa wachanganye wawanyweshe.

Nikamwambia, "Mama, tuiache kwanza hiyo sufuria. Twende tukawaangalie marehemu."

Tuliokota nyuki kama thelathini tukawatandaza kwenye gazeti. Wote walikuwa wakubwa. Wengi ulimi umetoka nje, umenyooka. Kadhaa bado walikuwa na chavua miguuni, maana yake kifo kiliwakuta wakitoka kazini. Wachache waliokuwa hai walikuwa wanatetemeka na kuzungukazunguka kama wamelewa. Jioni tukafungua mizinga miwili: majana safi, meupe, asali ipo, malkia anataga. Ugonjwa hauui nyuki wakubwa wa mizinga saba kwa asubuhi moja ukaacha watoto wao wanang'aa. Hiyo ni sumu.

Mizinga minne haikuguswa, jambo lililompa mama wasiwasi kwamba pengine kuna mkono wa mtu. Hapana. Makundi yanaweza kuwa jirani kabisa na bado kila moja likawa na malisho yake. Manne yalikuwa yanakwenda porini, saba yalikuwa yanakwenda kwenye matikiti.

Shamba la matikiti lilikuwa ng'ambo ya korongo. Mwenye shamba hakukataa. Alikuwa amepiga dawa ya wadudu saa tatu asubuhi, kwa sababu ya vidukari. Tukaenda, mama akamsalimia vizuri, wakaketi. Mimi nikamuuliza mzee yule swali moja tu: "Mzee wangu, ua la tikiti linafunguka saa ngapi?" Akajibu asubuhi. "Na linafunga saa ngapi?" Mchana likishachoka. Basi. Tikiti lina maua ya kiume na maua ya kike, mbali mbali. Ua la kike linafunguka siku moja tu, na asipopita mdudu akalipelekea chavua, hilo tunda halipo, au linakuja limepinda upande. Kwa hiyo kupiga dawa saa tatu asubuhi alikuwa anawaua vibarua wake mwenyewe ambao hawadai mshahara.

Makubaliano yao yalikuwa haya: dawa inapigwa kuanzia saa kumi na mbili jioni, maua yameshafunga na nyuki wamerudi, na anatuma ujumbe kwa mama siku moja kabla. Hakuna aliyemfokea mwenzie. Nasema hili kwa sababu nimeona vijiji ambako kesi kama hii imefika kwa mtendaji na watu wakaacha kusalimiana, wakati dawa ni saa tu ya kubadilisha.

Ndani ya mizinga tulifanya hivi. Tulifagia waliokufa na kuwazika, maana kuku wakiwadonoa nao wanaweza kudhurika. Tukaweka maji safi karibu, kwenye beseni lenye mawe na vijiti vya kukanyagia. Tukapunguza mlango wa mzinga ili walinzi wachache waliobaki waweze kuulinda. Tukawapa maji ya sukari, kilo moja kwa lita moja ya maji, jioni, ndani ya mzinga, kwa wiki moja, kwa sababu wachumaji waliisha. Yale makundi ambayo siku chache baadaye hata nyuki wachanga walianza kufa, tulitoa masega yenye chavua mpya, kwa kuwa sumu inabebwa ndani ya chavua na kuwekwa stoo. Makundi matano yalirudi. Mawili hayakurudi, nguvu ilikuwa imeshakwisha.

Angalizo: kuna wanaosikia jirani atapiga dawa wakakimbilia kuziba milango ya mizinga mchana kwenye jua. Usifanye. Nyuki waliofungiwa kwenye joto bila hewa hufa kwa kukosa pumzi na masega huyeyuka. Utakuwa umefanya kazi ya sumu kwa mkono wako.

Sasa fungua, uangalie majana

Kama nje hakuna lundo, ila kundi linazidi kupungua wiki hadi wiki, jibu liko kwenye majana. Nyuki wetu ni wakali, kila mtu anajua, kwa hiyo fungua jioni, muwe wawili, mmevaa mavazi kamili, bomba la moshi limewaka vizuri, na mbuzi wamefunguliwa kamba na kupelekwa mbali. Mbuzi aliyefungwa karibu na manzuki hana pa kukimbilia.

Mzinga wa viunzi ndio unakupa nafasi hii. Inua sega moja la katikati, lishike wima (usililaze, litakatika), na utazame. Jana mwenye afya ni mweupe kama maziwa, ananga'aa, amejikunja chini ya kitundu kama mwezi mchanga. Vifuniko vya majana wakubwa vina rangi ya kahawia hafifu, vimeinuka kidogo, na vimepangana bila mapengo mengi. Ukiona sega kama mdomo wa mtoto anayeng'oka meno, mara kifuniko, mara tupu, mara kifuniko, hapo simama uchunguze. Na ukiona vifuniko vimedidimia, vyeusi, vina kitundu kidogo katikati, usipite.

Chukua njiti ya kiberiti. Toboa kifuniko kilichodidimia, koroga taratibu, kisha vuta njiti nje. Kama kile kilichomo kinavutika kama uzi wa gundi, sentimita mbili au zaidi, rangi ya kahawia, na kinanuka kama gundi ya zamani, hiyo ndiyo dalili ya kuoza kwa majana kwa aina mbaya kuliko zote, ile inayoitwa ya Kimarekani. Jina tu hilo, haimaanishi imetoka Marekani. Inaletwa na bakteria anayeitwa Paenibacillus larvae. Afrika Kusini, jimbo la Western Cape, waligundua mlipuko wake mwaka 2009. Ubaya wake ni mbegu: zinaweza kukaa kwenye mbao na masega makavu zaidi ya miaka 40 zikiwa hai. Mzinga wa marehemu babu unaweza kuwa na ugonjwa wa wakati wa babu.

Kipimo cha njiti kikikupa uzi, funga mzinga uliokuwa umeufungua, punguza mlango, osha mikono, kisu na glavu kwa sabuni na maji ya moto, na usihamishe kitu chochote kutoka mzinga huo kwenda mwingine. Siyo sega, siyo asali, siyo kiunzi. Kisha mpigie Afisa Nyuki wa wilaya. Ikithibitishwa, kundi huuawa usiku nyuki wote wakiwa ndani, na vyote huchomwa kwenye shimo na kufukiwa. Inauma. Lakini mzinga mmoja uliochomwa ni bei ndogo kuliko manzuki nzima na za majirani. Asali yake haimdhuru binadamu, hatari ni kwa nyuki wanaoilamba.

Kama njiti haivuti uzi, na majana wanaokufa ni wale ambao bado hawajafunikwa, wamejinyonganyonga, wamekuwa wa njano halafu kahawia, na harufu ni ya uchachu kama siki, huo ni ndugu yake mwenye hasira ndogo, kuoza kwa aina ya Ulaya. Mara nyingi huja wakati wa njaa na kundi likiwa dhaifu, na chakula kikirudi kundi lenye nguvu linaweza kujisafisha lenyewe. Lishe, toa masega yaliyoharibika sana, na ufuatilie.

Vile vipande vigumu kama mchele nilivyotaja mwanzoni ni majana waliokaushwa na ukungu. Ukitikisa sega utasikia vinalia kama njuga. Ukungu unapenda unyevu: inua mzinga kutoka ardhini, ziba paa linalovuja, fyeka majani ili hewa ipite. Hakuna dawa ya kununua hapo.

Kuhusu ile dawa ya kuku

Antibiotiki haiui mbegu za ule ugonjwa wa kwanza. Inachofanya ni kunyamazisha dalili. Kundi linaonekana limepona, mfugaji anagawa masega kwa mizinga mingine kwa furaha, na miezi baadaye manzuki nzima inaoza. Juu ya hapo dawa inabaki kwenye asali. Mnunuzi mkubwa akipima akaikuta, hakatai ndoo yako peke yake, anakataa mzigo wa kikundi chote. Na kwa sumu ya shambani, ukungu, njaa au utitiri, antibiotiki haina kazi hata kidogo. Kwa hiyo ukiambiwa na muuza duka "hii ni nzuri pia kwa nyuki", muulize ni kwa ugonjwa gani wa nyuki.

Utitiri wa varoa

Huyu ndiye anayewatisha vijana wanaotazama video za wafugaji wa Marekani na Ulaya. Ni mdudu mdogo, mwekundu wa kahawia, mpana kuliko urefu, kama kaa asiye na miguu inayoonekana, milimita moja na nusu hivi. Asili yake ni nyuki wa Asia. Kenya walithibitisha yupo mwaka 2009. Anazaliana ndani ya vitundu vilivyofunikwa, akipenda zaidi vya madume, na anabeba virusi vinavyokunjamanisha mabawa.

Kumpima ni rahisi. Kwangua nyuki nusu kikombe kutoka sega la majana (hakikisha malkia hayumo), ni kama nyuki 300. Watie kwenye chupa ya mdomo mpana iliyofungwa kwa wavu mdogo, mimina vijiko viwili vya sukari iliyosagwa laini kama unga, zungusha taratibu, subiri dakika moja mbili, kisha pindua na tikisa juu ya sahani nyeupe yenye maji kidogo. Sukari inayeyuka, utitiri unabaki unaonekana. Nyuki unawarudisha wakiwa hai, weupe na wamekasirika.

Sasa msimamo wangu. Kule Ulaya na Marekani kundi lisipotibiwa mara nyingi linakufa. Nyuki wetu wa Afrika wanaishi naye: majana wao hufunikwa kwa muda mfupi kidogo, husafishana, na hutoa makundi mapya na kuhama mara kwa mara, jambo linalomkatia utitiri uzazi. Ukianza kutumia dawa unawabeba nyuki dhaifu na kumfundisha utitiri kuizoea dawa. Pima, andika idadi, linganisha na mara iliyopita. Kundi lenye utitiri mwingi na mabawa mabovu mwaka hadi mwaka, usigawe kutoka kwake, zalisha kutoka kwa lile lililo imara.

Wanaokuja msibani

Funza kwenye masega. Wapo wa aina mbili na watu huwachanganya. Wa nondo wa nta anaacha utando mweupe kama wa buibui na njia zilizojaa kinyesi cheusi. Wa mende mdogo wa mizinga haachi utando, ana vijiba vidogo mgongoni, na asali anakopita inachachuka na kububujika kwa ile harufu ya machungwa yaliyooza. Mende huyu ni wa kwetu, wa Afrika kusini mwa Sahara. Alipogundulika Florida mwaka 1998 aliwatia hasara kubwa kwa kuwa nyuki wa kule hawakumjua. Wa kwetu wanamkimbiza, wanamfungia kwenye vijumba vya gundi.

Kwa hiyo ukiwakuta hao funza wengi, usiishie kuwapiga vita wao. Wamekuja kwa sababu kundi limeshalegea na halilindi masega yote. Tafuta kilicholilegeza. Toa masega matupu, yeyusha nta mapema, na usiache masega yaliyoharibika chini ya mzinga, kwani funza wa mende huingia ardhini kukamilisha kukua na kesho wanarudi.

Hawakufa, wamehama

Mzee mmoja aliniambia nyuki wake "wamekufa wote, hata maiti hamna". Shikamoo mzee, nikamwambia, kama maiti hamna basi hawajafa. Fungua mzinga uone. Ukikuta hakuna majana, hakuna asali, masega makavu na masafi, waliondoka kwa mpango: njaa, ukame, au joto la paa la bati lisilo na kivuli. Ukikuta majana na asali vimeachwa, walifukuzwa. Tafuta njia ya siafu, alama za nyegere, au mrinaji aliyetumia moto badala ya moshi. Mzinga huo usiupige dawa yoyote, safisha, paka nta ndani, na uning'inize palipo na kivuli na maji. Ila kabla ya hapo rudia kipimo cha njiti kwenye masega yaliyobaki, na utazame kama kuna magamba meusi yamegandamana upande wa chini wa vitundu, hayatoki hata ukiyakwangua. Ukiyakuta, mzinga huo haurudi kazini.

Ukitaka kutuma sampuli

Kata kipande cha sega chenye majana wagonjwa, kama sentimita kumi kwa kumi, kisicho na asali, ukifunge kwenye gazeti halafu kwenye boksi. Usitumie mfuko wa plastiki, kitaota ukungu njiani na hutajua ukungu upi ni wa ugonjwa. Kwa sumu, weka nyuki waliokufa siku hiyo hiyo, kikombe kizima, na uwagandishe kama kuna friji ya kuazima. Andika tarehe, kijiji, idadi ya mizinga iliyoathirika na ambayo haijaathirika, na nini kinachanua au kimepigwa dawa karibu. Karatasi hiyo humsaidia Afisa Nyuki sawasawa na sampuli yenyewe.

Baada ya hatua yoyote utakayochukua, usifungue mzinga kila siku kwa shauku. Yai mpaka nyuki kibarua ni wiki tatu hivi. Weka alama kwenye kalenda, na siku hiyo nenda tena asubuhi, kaa ubavuni, robo saa, uangalie miguu.